Usitie saini mchoro huo kabla ya bamvua

Uliuliza kama kazi ya kusafisha majitaka ili yatumike tena ina mustakabali, kama usome shahada ya uzamili, na mshahara wake ukoje. Katikati ya maswali hayo umedokeza kwamba wiki ijayo unatia saini mchoro wa mtambo wa hoteli ya ufukweni, na kwamba unayo sampuli moja "nzuri sana" ya maabara. Usitie saini.

Mimi pia nilikuwa na sampuli moja nzuri sana. Hoteli niliyokabidhiwa ilikuwa hatua chache kutoka baharini, na mabomba yake ya majitaka yalizikwa kabla sijazaliwa. Nilichota kwenye chemba ya mwisho saa nne asubuhi, siku moja tu, nikapeleka maabara, na majibu yakaja kama yamenakiliwa kitabuni. Muuzaji wa mitambo aliniambia nisijisumbue kurudia vipimo, kwani "majitaka ni majitaka". Maneno hayo matatu yamenigharimu kuliko ada zote nilizowahi kulipa, na aliyeyatamka alikwishapokea kamisheni yake kabla bomba la kwanza halijaunganishwa.

Siku ile niliyochota, bahari ilikuwa katika maji mafu, siku ambazo haijai sana. Bamvua lilipofika, yaani siku za mwezi mpevu au mwandamo ambapo bahari hujaa kuliko kawaida, maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi yalipanda hadi usawa wa yale mabomba yenye nyufa, yakapenya ndani. Maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo katika kila lita 20 zinazofika mtamboni, lita moja tu ikiwa ya bahari inatosha kuongeza gramu 1.75 kwa kila lita, juu ya chumvi ambayo majitaka huwa nayo tayari. Bakteria waliendelea kula uchafu na utando wa kuchuja wa mtambo ukaendelea kuzuia vijidudu, lakini chumvi iliyoyeyuka hupita kwenye utando wa kuchuja wa kawaida kana kwamba haupo; kuizuia kunahitaji osmosisi kinyume, yaani kusukuma maji kwa nguvu kupita utando usiopitisha chumvi, yenye pampu za shinikizo kubwa na bili ya umeme ambayo mteja hakuwa ameiwekea bajeti. Maji yalitoka maangavu, nikapiga nayo picha. Baada ya miezi michache ya kuyamwagilia bustani, nyasi zilikuwa na rangi ya mkeka, maua yamekauka, na minazi pekee ndiyo haikunilalamikia. Mvuvi yeyote aliyepita pale angenieleza habari za bamvua bure, ila kwa bahati mbaya mimi nilikuwa na digrii.

Mtambo ulizimwa, malipo ya mwisho yakazuiwa, nami nikahamishiwa kitengo cha zabuni kuhesabu kurasa.

Kwa hiyo pima mwenyewe, mchana na usiku, kutoka bamvua hadi bamvua, yaani siku kama 15, ukiwa na kipimo cha mkononi cha chumvi ambacho bei yake haifiki hata ya pampu moja. Umeitaja Windhoek kwa kuistaajabia, mji mkuu wa Namibia unaorudisha majitaka kuwa maji ya kunywa tangu 1968. Basi fahamu kwamba huko maji ya viwandani hutengwa na ya majumbani kabla hayajaufikia mtambo, kwa sababu wanataka kujua kinachoingia.

Shahada ya uzamili, nenda ukipata ufadhili. Hiyo sampuli yako ilichotwa mwezi ukiwa na siku ngapi?