Maswali yenu: SADC, Jumuiya na ONU, nani anamtuma nani?

Mama muuza mboga, Birere, hapa Goma: Wakenya walikuja wakaenda. Watanzania na Waafrika Kusini vilevile. Kati ya SADC, Jumuiya ya Afrika Mashariki na ONU, nani mkubwa?

Mama, hakuna aliyemwajiri mwenziwe. ONU ni Umoja wa Mataifa; SADC ni jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Sura ya 8 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaziachia jumuiya za kanda zitafute amani kwao, ila kifungu cha 53 kinazikataza kutumia nguvu bila ruhusa ya Baraza la Usalama. Jeshi likialikwa na serikali yenyewe, hilo ni jambo jingine. Serikali yetu ya Kinshasa iliialika Jumuiya ya Afrika Mashariki, jeshi lake likakaa toka Novemba 2022 hadi Desemba 2023. Mwezi huohuo SADC nao wakaanza kuingia.

Kinachowachanganya watu ni sare. Mwaka 2013, kwa azimio 2098, Baraza liliunda ndani ya MONUSCO, misheni ya ONU ya kulinda amani hapa Kongo, brigedi ya kushambulia, na askari wake wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Miaka 10 baadaye nchi hizohizo 3 zikaleta askari chini ya SADC. Basi kwenye barabara ya Sake uliweza kupishana na Waafrika Kusini wawili: mmoja wa ONU, kofia ya buluu, gari jeupe lenye herufi UN, mwingine sare za kwao. Kila mmoja na mkubwa wake wa kumpigia saluti.

Mwanafunzi, Himbi: Na nani analipa?

Hilo ndilo swali lenyewe, ndugu. Kwa kila askari wa kofia ya buluu, Umoja wa Mataifa unairudishia nchi yake zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi. Wa SADC anategemea nchi yake na michango ya wanachama. Azimio 2719 la Desemba 2023 linaruhusu misheni zinazoongozwa na Umoja wa Afrika kupata hadi asilimia 75 ya bajeti kutoka michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa. Soma vizuri: Umoja wa Afrika, si SADC. Kwa SADC ya hapa kwetu, azimio 2746 la Agosti 2024 liliiruhusu MONUSCO iwasaidie kwa usafirishaji na taarifa, bila fungu jipya. Yaani saidia, lakini kwa mfuko uleule.

Papa mstaafu, Katindo: Mara Nairobi, mara Luanda. Mbona njia nyingi?

Ni njia mbili za mazungumzo ya amani: Nairobi ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Luanda ya Umoja wa Afrika, Angola ikipatanisha. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Jumuiya na wa SADC walikutana Dar es Salaam, wakaamua ziunganishwe. Siku 13 baadaye azimio 2773 la Baraza la Usalama likautaja mkutano huo. Kwangu mimi, Papa, walichelewa sana. Penye meza mbili, asiyetaka kujibu huku hukimbilia kule.

Muuguzi, Majengo: Kwa nini mpox ilitangazwa dharura mara mbili?

Afrika CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ilitangaza tarehe 13 Agosti 2024, mara yake ya kwanza kabisa. WHO, Shirika la Afya Duniani, ikafuata kesho yake, na tangazo lake, lililoondolewa Septemba 2025, ndilo lililotolewa kwa msingi wa Kanuni za Afya za Kimataifa. Chanjo za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba. Goma tulianza kuchanja tarehe 5 Oktoba.