Kabla ya Kwenda Ashramu, Uliza Kwanza Utafagia Nini

Wanaoniuliza habari za safari yangu ya India huanza na viungo vya mwili: iwapo mtu aliyekwisha kuvuka miaka arubaini anaweza kukunja miguu kama mwalimu wa yoga, na iwapo mgongo utastahimili. Swali ambalo hawaliulizi, na ambalo mimi pia sikuliuliza, ni la ufagio. Anayekwenda ashramu, yaani makao ya ibada na mafunzo ya Kihindu, kwa mpango wa kujitolea huenda kufanya kazi, na kazi hiyo ndiyo itakayoamua kama atasoma yoga au hatasoma.

Mimi ni wakala wa forodha. Miaka mingi ya kukaa kitini pale Kilindini nikisubiri makontena ya wateja yaachiliwe ilinipa maumivu ya kiuno, na daktari akanishauri mazoezi ya kunyoosha mwili. Ningeweza kujifunza hapa hapa Mombasa, lakini nilikuwa na likizo iliyorundikana, na niliposikia kwamba baadhi ya ashramu za Rishikesh humpa mgeni chumba, chakula na masomo badala ya saa kadhaa za kazi kila siku, niliona nimepata bahati. Rishikesh ni mji ulio kando ya mto Ganges katika jimbo la Uttarakhand, pale milima ya Himalaya inapoanza kupanda. Wazungu walianza kuufahamu sana baada ya wanamuziki wa The Beatles kukaa huko mwaka 1968, na hadi leo ni mji wa ashramu, mahekalu na madarasa ya yoga.

Mahali pa kwanza nilipofikia, ambapo sitapataja, niliahidiwa kazi ya saa 4 na madarasa mawili kwa siku. Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kizuri na kompyuta naijua, niliwekwa ofisini kuandikisha wageni. Wageni hawafiki kwa ratiba. Basi la usiku likichelewa darasa la asubuhi lilinipita, na mgeni akitaka kubadilishiwa chumba jioni, la jioni nalo lilinipita. Katika siku 11 nilihudhuria madarasa 6 tu, na kiuno kilikuwa kimerudi kwenye kiti kile kile nilichokikimbia. Nilipolalamika niliambiwa kwa upole kwamba hiyo ndiyo seva, yaani utumishi usiotarajia malipo, na kwamba kulalamika ni dalili ya nafsi isiyotulia. Huenda ni kweli, lakini nafsi yangu ilitulia zaidi nilipohama.

Seva yenyewe siidharau. Katika mafundisho ya yoga, kazi inayofanywa bila kutamani matunda yake ni njia kamili, nayo huitwa karma yoga. Tena mikao ya mwili tunayoiona kwenye picha ni hatua ya tatu tu kati ya nane alizozitaja Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, na mbili zinazoitangulia zinahusu mwenendo na nidhamu ya mtu. Ashramu ya pili iliniweka jikoni, na huko ndiko nilikosoma. Tulikata mboga tumekaa chini, tukachagua mawe kwenye dengu, tukasukuma chapati kavu mamia kwa mamia, na mzee aliyesimamia jiko alikuwa akinigonga bega kila nilipoinama vibaya. Kazi ilianza saa 3 asubuhi na kuisha saa 7 mchana, na hapana aliyeniita nje ya saa hizo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli, andika barua pepe uulize ni kazi gani, inaanza na kuisha saa ngapi, na ikigongana na darasa kipi kitangulie. Usikubali jibu la simu. Liwe la maandishi, ulichapishe, usafiri nalo. Uulize pia kama unatarajiwa kutoa mchango wa fedha juu ya kazi, na usidhani kwamba kufanya kazi jikoni kutakupa cheti cha ualimu, kwani kozi ya saa 200 inayotafutwa na wengi hulipiwa na hujaza siku nzima.

Kuhusu karatasi, viza ya kitalii ya kielektroniki ya India huruhusu mafunzo mafupi ya yoga, na pia kazi ya kujitolea isiyo na malipo kwa muda usiozidi mwezi 1. Mimi nilikaa siku 28. Omba kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana zipo nyingine zinazofanana nayo ambazo huongeza ada. Kwa kuwa tunatoka Kenya, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na huanza kutumika siku 10 baada ya kudungwa. Asiye nacho huweza kuwekwa karantini. Cheti hicho sasa ni cha maisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mamangu alilisema kabla hata sijafungua sanduku: je, Mwislamu anakwenda kufanya nini huko? Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu ashramu ni nyumba ya ibada ya Kihindu, si klabu ya mazoezi. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitofautisha mwaka 2009 kati ya yoga yenye mantra, yaani maneno matakatifu yanayokaririwa, na ibada, ambayo liliikataza, na yoga ya mazoezi ya mwili peke yake. Mimi nilishika mstari huo, nikamweleza mwalimu siku ya kwanza badala ya kujificha nyuma ya safu. Alinijibu kwamba wakati wa mantra naweza kukaa kimya au kutoka, na kwamba kwenye nyimbo za jioni silazimiki kufika. Darasa lilianza saa 11 na nusu alfajiri, wakati ambao mwezi wa Novemba ulikaribiana sana na sala, kwa hiyo nilisali chumbani nikaingia mwisho. Siku mbili za mwanzo nilisali kuelekea kaskazini kwa mazoea ya Mombasa, hadi nilipokumbuka kwamba huko kibla ni magharibi. Nyama haikunisumbua, kwani Rishikesh haiuzwi, na ashramu nyingi hazipiki hata mayai, vitunguu wala vitunguu saumu. Ila nakiri kwamba wiki ya tatu niliota samaki wa kupaka.

Kukaa chini na kuoga kwa ndoo na kopo hakukunishinda, mambo yaliyowatesa wenzangu kutoka Ulaya. Kilichonitesa ni baridi: usiku wa Desemba huko hushuka chini ya nyuzi 10. Chukua sweta nzito, soksi, na vikoi viwili, ambavyo hutumika kuwa shuka, taulo na vazi la darasani.

Kijana wa jirani yangu hapa Kibokoni anasafiri Januari. Nimempa sweta yangu na nakala ya barua pepe niliyoiandikia ashramu ile ya pili. Chanjo amekwisha kudungwa; jibu la saa za kazi bado analisubiri, na nimemwambia asikate tiketi mpaka lifike.