Kabla ya kuhesabu vyumba, hesabu kuta

Dalali atakuonyesha jiko, vigae na idadi ya vyumba. Mimi nimeishi nyumba ya safu, nikahamia nyumba pacha, na sasa nakaa kwenye nyumba iliyosimama peke yake. Nikimsindikiza mtu anayetaka kununua, huwa nauliza kwanza: kuta ngapi ni zako mwenyewe?

Nyumba ya katikati ya safu ina kuta mbili za pamoja na majirani. Mwanga na hewa huingia kwa mbele na kwa nyuma tu. Nenda mchana, zima taa zote, usimame chumba cha kati uone giza lake. Ukitaka kuongeza chumba, ni uani au juu, basi. Hata hivyo watu huidharau bure. Kuta zake mbili hazipigwi na jua wala upepo, kwa hiyo joto na baridi haviingii kwa kasi kama kwenye nyumba ya pembeni, ile ya mwisho wa safu. Hiyo ya pembeni ina madirisha ya ubavuni na kipande cha ardhi cha ziada, lakini ulizia kwanza kama unaruhusiwa kukijenga. Mara nyingi sheria hutaka nafasi iachwe kati ya jengo na barabara.

Nyumba pacha ina ukuta mmoja tu wa pamoja, ila mambo yote yanapitia hapo: kelele, nyufa, paa linalovuja kwenye maungio. Jirani akibomoa upande wake ajenge upya, ukuta uliokuwa wa ndani unabaki kunyeshewa. Mimi ningezungumza na jirani huyo kabla ya kuzungumza bei.

Iliyosimama peke yake inakupa uhuru, na gharama zote ni juu yako: uzio, rangi pande nne, paa, mifereji. Kwangu, nyumba kuukuu kwenye kiwanja kipana inaishinda mpya iliyobanwa. Jengo huchakaa, tena laweza kubomolewa. Kiwanja chembamba hakipanuki.

Zipo pia nyumba zilizo pamoja ndani ya geti moja. Kwa macho inaweza kuonekana imejitenga kabisa, kumbe ardhi ni ya wote, kuna ada ya huduma, na hata rangi ya nje huombewa ruhusa. Soma hati uone kama unamilikishwa kiwanja au nyumba tu. Kama ni kiwanja, mlete mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka kabla hujalipa chochote.