Waipa chakavu, msumeno uliokatika na kufuli zangu mwenyewe

Mambo haya yalianza na tranka. Tranka la bati la marehemu bibi, lilikaa uvunguni miaka mingi likiwa na kufuli ndogo ya rangi ya shaba, ufunguo haujulikani ulipo. Mjomba akaagiza nyundo. Nikamwambia asubiri kidogo, nikanyoosha kibanio cha karatasi na kukichomeka kwenye kufuli kwa madaha, kama mtu anayejua anachofanya. Kikajikunja kama tambi iliyoiva. Nikachukua cha pili, nacho hivyo hivyo. Mwisho nyundo ilifanya kazi yake, tukakuta khanga mbili na harufu ya dawa ya nondo, basi. Lakini ile aibu ya vibanio viwili sikuisahau.

Nilirudi nyumbani Dar nikanunua kufuli tano za bei ya chini, nikaanza kutengeneza ndoano zangu, vile vijivyuma vya kufungulia kufuli bila ufunguo. Sasa ni mwaka wa tatu. Nimeharibu vyuma vingi kuliko nilivyofanikiwa, na ushauri wangu wote unatoka kwenye hivyo nilivyoharibu.

Anayeanza hushughulika na umbo. Anatafuta picha, anachora mikunjo, anataka ndoano yenye mawimbi kama nyoka. Umbo si tatizo. Tatizo ni chuma. Ukipata chuma kinachopinda kidogo kisha kikarudi chenyewe, hata ukikichonga vibaya kitafanya kazi. Chuma laini, hata ukikichonga kama sonara, kitabaki kimepinda mara ya kwanza tu kukutana na springi ya kufuli.

Ili uone kwa nini, fikiria kilichomo ndani. Kufuli ya kawaida ina kiini kinachozunguka, na juu yake kuna vijitundu vyenye pini mbilimbili zinazosukumwa na springi. Ufunguo wake hunyanyua kila jozi mpaka maungio ya pini yawe sawa na ukingo wa kiini, ndipo kiini kizunguke. Vijitundu vingekuwa vimetobolewa katika mstari mmoja kamili, ndoano isingekuwa na lake. Lakini hakuna mashine inayotoboa hivyo. Ukikikaza kiini kidogo, yaani ukikisukuma kana kwamba unakizungusha, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Unaisikia kwa kidole, unainyanyua, kiini kinasogea kama unywele, halafu inabanwa nyingine. Kumbe kazi yote ni ya kusikia, na chuma laini hakisikilizishi kitu. Kinameza ile habari kabla haijafika kwenye kidole.

Nimejaribu karibu kila kilichopo nyumbani. Pini za nywele zinafaa siku moja, ya kufundishia watoto. Spoki ya baiskeli ni nene mno kwa tundu la kufuli ndogo, na ukiitwanga iwe bapa unapoteza jioni nzima. Mbavu za mwavuli zilinidanganya: zina ugumu mzuri, ila nyingi zimekunjwa kama mfereji, ukizinyoosha zinapasuka. Utepe wa chuma wa kufungia mizigo, ule unaotupwa nje ya maduka ya jumla, ni mzuri ukiupata usioliwa na kutu.

Vilivyonifaa kweli ni viwili. Cha kwanza ni waipa za gari, zile za zamani zenye fremu. Ndani ya mpira wake mna vipande viwili vyembamba vya chuma cha springi, havishiki kutu, na fundi wa gereji jirani hunipa bure kwa sababu kwake ni takataka. Cha pili ni msumeno wa chuma. Ule mkono wenyewe uache. Ninachotaka ni bledi yake, urefu wa milimita 300, unene wa kama milimita 0.6, ambao ndio unene unaoingia vizuri kwenye kufuli nyingi. Chagua bledi inayokunjika bila kukatika. Zile kavu zinazovunjika pwaa ukizipinda, usizihangaikie. Moja kama hiyo ilinikatikia ndani ya kufuli, na ncha yake imo humo mpaka leo.

Hapo kwenye bledi ndipo moto unapowaponza watu. Nilipoanza nilikuwa naibana kwenye jiliwa, naiwekea grainda, cheche zinaruka, raha tupu. Dakika mbili umbo limepatikana. Lakini ukingo ulikuwa umegeuka bluu, na chuma kilichogeuka bluu kwa joto kimeshapoteza ule ugumu wake. Sikulijua hilo, nikalaumu bledi. Siku hizi nagusa jiwe la grainda kwa sekunde moja au mbili, nachovya kwenye kopo la maji, narudia. Kipimo changu ni vidole: nashika bledi bila glavu karibu na ninapochonga, ikiniunguza nimeshachelewa. Miwani ya kukinga macho lakini vaa, hilo halina mjadala. Kama huna grainda, tupa ndogo inatosha kabisa, tena haipashi joto. Itakuchukua saa nzima, weka redio karibu.

Meno yaondoe kwanza. Kisha acha mkono mpana wa kushikia na uchonge shingo nyembamba yenye ncha iliyoinuka kidogo, kama mdomo wa ndege anayetazama juu. Umbo hilo moja tu limenifungulia zaidi ya tisa katika kila kufuli kumi nilizofungua. Shingo isiwe nyembamba mno hapo inapoungana na mkono; ndipo zinapokatikia.

Kisha msasa, na hapa naomba usiwe mvivu. Namba 400, halafu 800, halafu 1000 wenye maji, mpaka ukipitisha ndoano kwenye kitambaa cha hariri isikwaruze. Alama za tupa hukwaruza pini, na mkwaruzo huo utadhani ni pini imekaa sawa kumbe ni uchafu wa kazi yako.

Kipande cha kukazia kiini, mimi nakiita kikazo, hutoka kwenye waipa. Kunja ncha kwa plaizi iwe kama herufi L, polepole, pembe isiwe kali sana, vinginevyo inakatika. Kosa la karibu kila mtu ni kukikandamiza. Uzito wa kidole kinachobonyeza kitufe cha simu unatosha. Mke wangu alifungua kufuli yake ya kwanza haraka kuliko mimi kwa sababu hakuwa na papara, jambo ambalo hajaniacha nilisahau.

Nikichoka huwa namkumbuka Alfred Charles Hobbs, fundi wa Marekani aliyekwenda London wakati wa Maonyesho Makubwa ya 1851. Kampuni ya kufuli ya Bramah ilikuwa imeweka kufuli yake dirishani kwa miaka mingi, na tangazo la kumpa gini 200 (fedha ya zamani ya Uingereza) fundi atakayetengeneza kifaa cha kuifungua. Hobbs alitengeneza vifaa vyake, akaifungua kwa jumla ya saa kama 51 zilizogawanyika katika siku 16. Basi dakika zako 40 na kufuli ya pini nne usizilalamikie.

Sasa majirani. Siku ya kwanza nilikaa barazani na kufuli zangu, mzee mmoja akapita akauliza kama natengeneza funguo malaya. Alikuwa anatania nusu. Tangu hapo nafanyia ndani, mchana, na vifaa haviendi nami popote. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ya Kenya pia, ina vifungu vinavyomgusa anayekutwa na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na wewe ukiwa kwenye bajaji saa tano usiku na ndoano mfukoni, hadithi ya mapenzi ya ufundi itakuwa ngumu kueleweka. Kufuli isiyo yako usiiguse, hata kama mwenyewe anacheka na kusema jaribu. Na iliyo yako lakini inatumika usiiguse pia. Mlango wa jikoni kwangu uliniwia somo hilo: nilijaribu kitasa chake saa mbili usiku, pini ikakwama, tukalala bila chakula cha moto. Asubuhi nikamwita mchonga funguo wa pale stendi. Alifungua kwa dakika nne, akatazama ndoano zangu mezani, akachukua moja akaipinda kidogo, ikarudi. Akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia ni waipa. Akaondoka nayo, na hela yake akachukua vilevile.