Mchanganyiko wa dubstep na techno haukuanzia Berlin
Kuna wanaouliza kama mchanganyiko wa dubstep na techno, mitindo miwili ya muziki wa dansi wa kielektroniki, ulianzia Berlin. Hapana, si Berlin, ulipikwa Uingereza. Dubstep yenyewe chimbuko lake ni Croydon, kusini mwa London, halafu katikati ya miaka ya 2000 maprodyuza wa Uingereza hiyo hiyo ndo wakaanza kuivuta kuelekea techno, mfano lebo ya Hessle Audio ilianzia Leeds 2007. Berlin iliingia sana pale prodyuza na DJ wa Uingereza, Scuba, alipohamia huko akaanzisha usiku wa muziki ulioitwa Sub:Stance kwenye klabu ya Berghain, 2008. Nazisikiliza hizi ngoma miaka mingi, dramu haigongi nne nne mfululizo, imevunjwavunjwa, na besi iko chini mno unaisikia kifuani kabla ya masikio, hiyo ni damu ya dubstep kabisa. Ila spidi za ngoma zenyewe zinatofautiana.