Muulize Dada Mwandishi: Nakwama sura ya nne

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 19, niko Morogoro, naandika riwaya ya vijana kwenye simu ila kila nikifika sura ya nne naishiwa. We unaandika saa ngapi, na wahusika wanaoongea kama watu kweli unawatoa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naandika saa kumi na moja alfajiri kabla mwanangu hajaamka kuulizia soksi, tena kwenye kaunta buku, maana nikishika simu tu naishia WhatsApp. Siku nzuri kurasa mbili, siku mbaya nafuta mstari halafu naurudisha vilevile, ndo maisha yenyewe haya.

Wahusika nawaokota kwenye daladala. Juzi binti mmoja wa sare kamwambia mwenzake "mi sijakasirika, nimenyamaza tu", nikapitiliza kituo sababu nilikuwa naiandika nyuma ya risiti, na sasa hivi ni sura nzima. Nikimaliza namsomea mpwa wangu wa form two, akisema "anti, hatuongei hivyo" nafuta. Roho inauma lakini nafuta.

Hiyo sura ya nne, nahisi mhusika wako hataki kitu. Mpe anachokitaka kwa udi na uvumba, tuseme anadunduliza hela ya simu, halafu kaka yake aikombe yote, uone kama hatakimbia mwenyewe.

Ukimaliza kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ndo wanaisimamia na riwaya za Kiswahili wanapokea, ila soma vigezo kwanza.