Pini ya Arduino Uno kugoma kuvuka kHz 100 na kitu

Ndugu, umeuliza kwa nini Uno yako (bodi ndogo ya mikrokontrola) yenye kloki ya MHz 16 inatoa mawimbi ya kHz 100 na ushee tu kwenye pini 9, na kama chipu imeharibika. Chipu yako ni nzima. Kinachokula muda ni digitalWrite, amri ya Arduino ya kuwasha na kuzima pini: kila ukiiita, inatafuta pini iko kwenye poti gani, inaangalia kama ina PWM (mipigo ya upana unaobadilika), inazima interapti (ukatizaji wa programu kwa kazi ya haraka) kwa muda, ndipo iandike. Hapo mikrosekunde kadhaa zimekwenda.

Andika kwenye rejista (sehemu ya kumbukumbu ndani ya chipu inayoendesha pini) moja kwa moja. Iweke pini kuwa ya kutoa, kisha ndani ya while(1) weka mstari mmoja tu: PINB = 2; Kwenye ATmega328P, yaani chipu ya Uno, kuandika 1 kwenye biti ya PINB kunageuza hali ya pini yake, na 2 ndiyo biti ya pini 9. Kugeuza ni mpigo mmoja wa kloki, kurudi mwanzo wa kitanzi ni miwili, kwa hiyo unapata takriban MHz 2.67. Yatakatika kidogo kila interapti ya millis (kihesabu muda cha Arduino) inapoingia.

Kwa mawimbi yasiyoyumba, mimi ningemwachia kazi hiyo Taima 1, kihesabu mipigo kilichomo ndani ya chipu:

OCR1A = 0;
TCCR1A = _BV(COM1A0);
TCCR1B = _BV(WGM12) | _BV(CS10);

Hiyo ni MHz 8, nusu ya kloki, na prosesa inabaki huru. Ukipima kwa osiloskopu, tumia probu ya 10X (inayopunguza ishara mara kumi) yenye waya mfupi wa graundi. Vinginevyo kingo zitaonekana zimelegea na utailaumu pini bure.